Acheni Kuimwagilia Rozimari Kila Jioni

Malalamiko kuhusu rozimari hapa Tanga yana sura moja: "Nilinunua mche mzuri, nikaumwagilia kila siku bila kukosa, na bado umekauka." Jibu limo humohumo kwenye lalamiko. Mche huo haukufa kwa kiu. Uliozea chini ya udongo, na ule ukavu uliouona juu ni mizizi iliyokwisha kufa ikishindwa kupandisha maji, hata kama maji yenyewe yamejaa chunguni.

Tatizo ni kwamba dalili za maji kuzidi na dalili za kiu zinafanana. Ncha za majani zinageuka kahawia. Majani ya chini yanapauka hadi rangi ya majivu, ukipitisha mkono yanapukutika. Tawi la upande mmoja linakauka wakati mengine bado mabichi. Mwenye mche akiona hivyo anaongeza kata ya maji, kesho yake anaongeza mbili, na baada ya wiki mbili anang'oa kuni. Mmezoea mchicha na matembele, mboga zinazolegea saa saba mchana na kusimama tena jioni zikipata maji. Jani la rozimari ni jembamba, gumu, limejikunja kingo, halilegei upesi. Likianza kuonyesha shida, mizizi imeshaumwa kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo usiangalie jani ndipo uamue kumwagilia. Angalia udongo.

Mmea huu asili yake ni nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania: Hispania, Ugiriki, Moroko na jirani zake, kwenye miteremko yenye mawe na chokaa. Huko mvua hunyesha wakati wa baridi, na joto likifika udongo huwa umeshakauka. Kwetu pwani ni kinyume chake. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba zote hutukuta na joto. Maji mengi na joto kwa pamoja ndiyo hali inayowapa nguvu Phytophthora na Pythium, vimelea vinavyofanana na kuvu ambavyo huozesha mizizi. Havihitaji kuletwa na mtu, aghalabu vimo udongoni vikisubiri mahali palipotuama maji. Chokaa haina neno. Rozimari inapenda pH ya kati ya 6 na 7.5, na inavumilia chokaa kupita mboga nyingi, basi mwenye kiwanja chenye mawe ya chokaa kama yale ya Amboni na Maweni asihangaike kutafuta dawa ya kubadilisha udongo kabla hajatengeneza njia ya maji kutoka.

Sasa kipimo. Chukua kijiti cha mshikaki, kikavu. Kichomeke udongoni karibu na ukingo wa chungu, mbali na shina, kiingie sentimita 10. Kiache dakika 10, kisha kichomoe. Kikitoka kimeshikwa na udongo au kimebadilika rangi kwa unyevu sehemu kubwa, ondoka, usimwagilie. Kikiwa na unyevu kwenye ncha tu, kama sentimita 2 za mwisho, leo ndiyo siku ya kumwagilia. Usiyekuwa na kijiti, tumia kidole hadi kiungo cha pili, kama sentimita 5: pakiwa pakavu kote, mwagilia. Pia zoea kunyanyua chungu. Kinyanyue mara tu baada ya kumwagilia, ukinyanyue tena kila asubuhi, na kwa wiki mbili mkono wako utajua uzito wa chungu kilichokauka kuliko macho yako.

Ukishaamua kumwagilia, mwagilia kweli. Chungu chenye kipenyo cha sentimita 20 kipewe nusu lita hadi robo tatu. Cha sentimita 25, lita 1. Cha sentimita 30, lita 1 na nusu hadi 2. Mimina nusu ya maji hayo polepole, subiri dakika 10, umalizie nusu iliyobaki, mpaka yatoke kwenye matundu ya chini. Kisha acha. Wale wanaotoa kikombe kimoja kila siku wakidhani wanabana matumizi wanafanya mabaya mawili kwa mpigo: udongo wa juu haukauki kamwe, na chumvi ya maji inabaki chunguni kwa sababu hakuna kinachoisukuma nje. Mwenye kisima chenye maji ya chumvi, na karibu na bahari ni wengi, asafishe chungu mara moja kwa mwezi kwa maji ya bomba au ya mvua, mara mbili ya kipimo cha kawaida.

Kwa mche uliokwisha kushika, wakati wa kaskazi, Desemba hadi Februari, kijiti kitakwambia umwagilie kila baada ya siku 3 hadi 5 kwa chungu cha udongo wa kufinyanga, siku 5 hadi 7 kwa ndoo ya plastiki. Wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, itakuwa siku 7 hadi 10. Masika, kwa chungu kinachopigwa na mvua, sifuri. Siku hizi ni za kukukumbusha kwenda na kijiti. Mtu asizibandike ukutani akazifuata mvua inyeshe isinyeshe! Mche mchanga ambao haujamaliza wiki 3 tangu kuhamishwa ndio pekee unaopewa maji kila baada ya siku 2 au 3, na huo nao ukaguliwe kwanza.

Saa ya kumwagilia ni asubuhi, kabla ya saa tatu. Jioni ni kosa la pili juu ya lile la kwanza, kwa sababu pwani unyevu wa hewa hupanda usiku, na majani yakilala yamelowa yanavuta magonjwa ya ukungu. Maji yaelekezwe udongoni, yasimwagwe juu ya majani kama mnavyomwagia bustani ya mboga. Na maji ya kuoshea vyombo yaende kwingine.

Tuje kwenye chungu, maana hata mwenye kufuata kijiti atashindwa kama maji hayana pa kutokea. Kilicho bora ni chungu cha udongo wa kufinyanga kisichopakwa rangi, kwa kuwa kinatoa jasho ubavuni. Vyungu vya saruji vinavyouzwa barabarani vingi vina tundu moja tu, na mara nyingi rangi imeliziba. Lizibue na uongeze mengine matatu kwa tindo au drili. Ndoo tupu ya rangi ya lita 20 inafaa pia, ila ioshwe vizuri na itobolewe kwa msumari uliopashwa moto: matundu 6 chini na 4 ubavuni, sentimita 2 juu ya kitako, kila moja upana wa sentimita 1. Tundu la upana wa kijiti cha kiberiti haliitwi tundu. Ndoo nyeusi ifungwe gunia au ipakwe chokaa nje, la sivyo jua la Januari litapika mizizi.

Sahani ya chini iondolewe. Najua imenunuliwa pamoja na chungu na inapendeza kwenye baraza, lakini inarudisha maji yaleyale uliyohangaika kuyatoa. Chungu kisikae bapa juu ya sakafu ya saruji, kwani sakafu huziba matundu. Kiinue kwa vipande vitatu vya kigae au mawe, sentimita 2 hadi 3 kutoka chini.

Kuna desturi moja inayopendwa sana: kuweka kokoto chini ya chungu "ili maji yashuke". Hayashuki. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ule ushibe kabisa, kwa hiyo tabaka la kokoto linapandisha eneo lililolowa na kulisogeza karibu na mizizi. Weka kipande cha wavu juu ya tundu ili udongo usimwagike, basi. Kokoto zichanganywe ndani ya udongo.

Mchanganyiko wenyewe, kwa ndoo ileile moja: mchanga mkubwa wa mto ndoo 2, udongo tifutifu wa juu ndoo 1, kokoto ndogo za milimita 5 hadi 10 nusu ndoo, mboji iliyoiva nusu ndoo. Wengi wanageuza hesabu hii, mboji ndoo mbili na mchanga mkono mmoja, kwa imani kwamba kila mmea unapenda rutuba. Mboji na samadi hushika maji kwa muda mrefu, na ndiyo sababu mchicha unazipenda. Makapi ya makumbi ya nazi, ambayo Tanga hayana bei, yanashika maji zaidi ya hayo, yasiingie kabisa.

Mchanga una siri yake. Ule laini wa kupiga lipu ni mbaya kuliko kutoweka mchanga kabisa, maana chembe zake zinajaza nafasi kati ya chembe za udongo, na udongo wenye mfinyanzi ukichanganywa nao unakuwa tofali. Pepeta mchanga kwa wavu wa mbu wa dirishani: kinachopita chini kitupe, kinachobaki juu ndicho chako. Kisha uoshe ndooni, ukikoroga na kumwaga, mpaka maji yatoke meupe. Mchanga wa ufukweni una chumvi na mara nyingi ni laini mno. Rozimari inavumilia upepo wa bahari, hata kwenye nyumba za Raskazone, kando ya bahari, inaota vizuri, lakini kukaa kwenye chumvi ni habari nyingine.

Kabla ya kupanda, jaribu. Jaza chungu mchanganyiko, umimine lita 1. Maji yakisimama juu zaidi ya sekunde 10, au yasipoanza kutoka chini ndani ya dakika moja, ongeza mchanga mkubwa na urudie. Kazi hii ni ya robo saa.

Ukubwa wa chungu uende na mche. Mche wa kwenye kiriba, yaani kifuko cha nailoni cha kuoteshea miche, wenye urefu wa sentimita 15, uhamie chungu cha sentimita 15 hadi 20. Usiutupe moja kwa moja kwenye ndoo ya lita 20 "ili usihamishwe tena", kwa sababu mizizi michache haiwezi kunywa maji ya ndoo nzima na udongo wa pembeni utabaki umelowa wiki nzima. Mizizi ikianza kuchungulia kwenye matundu, ongeza sentimita 5 za kipenyo. Na shina lisizikwe zaidi ya lilivyokuwa kwenye kiriba. Pale shina linapokutana na udongo pabaki peupe, bila majani makavu, bila maranda. Tandaza kokoto unene wa sentimita 2, ndizo zinazofaa hapo.

Ukinunua mche ulioteremshwa kutoka milimani, kwa mfano Lushoto, angalia udongo wa kiribani. Mara nyingi ni mwekundu na unanata. Ukipandwa hivyo hivyo ndani ya mchanganyiko wa mchanga, lile bonge jekundu katikati litabaki limelowa huku pembeni pamekauka, na mizizi yote imo humo katikati. Lowesha bonge, lichezee kwa vidole, ondoa kama nusu ya udongo bila kuvuta mizizi. Kisha mche ukae mahali penye jua la asubuhi tu kwa siku 7 hadi 10 ndipo utolewe jua kali, kwa kuwa umetoka kwenye baridi ya zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari.

Mwenye eneo la kupanda ardhini apime kwanza. Chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena na uweke rula. Maji yakishuka sentimita 5 au zaidi kwa saa, panda hapohapo. Yakishuka kati ya 2 na nusu na 5, inua tuta la sentimita 30 na upande juu yake. Chini ya hapo, rudi kwenye chungu bila ubishi. Usifanye ule mtindo wa kuchimba shimo kwenye mfinyanzi na kulijaza mchanga: shimo hilo ni karai lililozikwa, litakusanya maji ya uwanja mzima. Nafasi kati ya mche na mche iwe sentimita 60 hadi 90, hewa ipite.

Masika ndiyo inayoua rozimari nyingi Tanga, na maandalizi yake ni mwishoni mwa Februari, si siku ambayo mvua imeshaanza. Punguza matawi kwa robo, ukitoa hasa yale ya ndani yanayosongamana. Sogeza vyungu chini ya ukingo wa paa, upande wa mashariki, pale mvua haipigi lakini jua la asubuhi linafika. Kama chungu ni kizito mno, jenga kibanda cha nailoni angavu sentimita 50 juu ya mmea, pande zote nne wazi. Anayeuvika mmea mfuko wa nailoni hadi chini anauchemsha. Mvua kubwa ikikupata hujajiandaa, iache ipite, kisha inamisha chungu kiegemee ukuta kwa saa moja: maji yaliyong'ang'ania kitakoni hutoka mengi kupitia matundu ya ukingoni, utashangaa.

Ukihisi mche umeshaoza, usikisie. Utoe chunguni utazame mizizi. Iliyo hai ni myeupe au ya krimu, imara. Iliyooza ni ya kahawia au nyeusi, inateleza, na ukiibana ganda linavuka na kubaki uzi katikati. Mara nyingi inanuka. Chini ya nusu ikiwa imeoza, upo uwezekano. Kung'uta udongo wote, kata mizizi mibovu kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti, punguza matawi ya juu kwa theluthi ili mizizi iliyobaki imudu kuyalisha, panda kwenye mchanganyiko mpya wenye unyevunyevu kidogo tu. Toa robo lita ya maji, mara moja. Kivuli siku 7. Usiweke mbolea yoyote, na hasa usiweke yurea kwa "kuupa nguvu", maana mizizi yenye vidonda haihitaji chumvi ya mbolea. Udongo wa zamani usirudishwe kwenye chungu kingine chochote cha rozimari. Ukautupe mbali na vyungu. Ikiwa zaidi ya nusu imeoza, kata ncha zilizo kijani kwa ajili ya vipandikizi na umalize. Kujua tawi lipi li hai, kwangua gome kwa ukucha: kijani ndani lipo, kahawia limekwenda.

Mche unaoendelea vizuri utauona kwa ncha mpya laini na harufu kali ukiugusa.

Jua liwe saa 6 kwa siku angalau, jambo gumu kwa nyua za Ngamiani zilizobanana, na hapo afadhali juu ya paa la zege kuliko uani kwenye kivuli. Chungu chenye kivuli hakikauki, na tunarudi palepale. Mbolea, mboji kiganja kimoja kwa chungu cha sentimita 30, Juni na Januari, inatosha. Samadi ya kuku ikae mbali.

Wengi siku hizi wanaipanda kwa ajili ya maji ya nywele, na tamaa ya kuvuna inaanza mapema. Subiri miezi 6 tangu kupanda. Kata ncha za sentimita 10 hadi 15, usichukue zaidi ya theluthi ya mmea kwa mara moja, na usikate kamwe kwenye sehemu ya mti mkavu isiyo na majani, kwa sababu hapo aghalabu haichipui tena.

Vipandikizi vifanywe kila mwaka, Juni na Julai, masika ikiisha na hewa ikipoa. Mbegu ziacheni, zinaota chache na polepole. Chagua tawi lisilo na maua, lililoanza kukomaa lakini bado linapinda, ukate urefu wa sentimita 10 hadi 12 chini kidogo ya kifundo. Pukuchua majani ya nusu ya chini. Jaza kiriba mchanga uliooshwa, toboa kwa kijiti kwanza, ingiza kipandikizi sentimita 5, bana kwa vidole. Vitatu kwa kiriba, visigusane. Weka kivulini penye mwanga, nyunyiza asubuhi pekee, mchanga uwe na unyevu bila kuchuruzika. Usifunike kwa nailoni kama wanavyofanya mahali pakavu. Unyevu wa hewa ya Tanga unatosha, ukiongeza vitaota ukungu. Mizizi huchukua wiki 4 hadi 8. Ikifika wiki ya tano, vuta kimoja kidogo: kikishikilia, kimeshika, na usiking'oe kuhakikisha. Kipe wiki mbili nyingine ndipo ukihamishie kwenye chungu cha sentimita 15, na siku hiyohiyo ya kukihamisha weka kijiti cha mshikaki pembeni yake.